Maswali ya Wasomaji: Barafu inayorudi na maji yanayokosa njia kwenye friza

SWALI: Salaam kwenu. Friji yangu ni ya milango miwili, friza iko juu. Kila baada ya wiki chache sakafu ya friza hufunikwa na bamba la barafu, na maji yanadondokea mboga huko chini. Nimelibandua mara nyingi, linarudi. Je, gesi imekwisha?

JIBU: Gesi haihusiki hapa. Gesi ikipungua, friza hupoteza ubaridi. Haitandazi barafu sakafuni. Tundu la kutolea maji limeziba.

Friza ya aina yako hujiyeyushia barafu yenyewe. Nyuma ya ubao wa plastiki wa ukuta wa ndani kuna koili inayopoza hewa, na unyevunyevu unaoingia kila mlango ukifunguliwa huenda kuganda juu yake. Katika friji nyingi, kompresa ikishafanya kazi saa 8 hadi 12 huzimwa, kisha hita iliyo chini ya koili huwaka kwa dakika 20 hadi 30. Barafu huyeyuka, maji hudondokea kwenye mfereji mdogo, hupita tundu lake na kushuka kwa mrija hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ambako joto huyakausha. Punje ya chakula, kipande cha mfuko au utelezi ukikwama tunduni, maji husimama na kuganda. Hita ikiwaka tena, maji mapya hayana pa kwenda, yanamwagika sakafuni. Ndiyo maana kubandua bamba hakusaidii: kizibo chenyewe hujakigusa.

Chomoa plagi, hamisha chakula, kisha acha mlango wazi kwa nusu saa, kwa sababu plastiki iliyo baridi sana huvunjika upesi. Fungua skrubu za ubao wa nyuma (nyingine hufichwa chini ya vifuniko vidogo) na uuvute taratibu. Waya za feni huwa zimeungana nao, kwa hiyo zitenganishe kwenye kiungio chake, usizivute. Utaona mfereji umejaa barafu. Chukua bomba la sindano la mililita 50 au 60, bila sindano yenyewe, ulijaze maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Yaelekeze tunduni, vuta yaliyopoa, rudia. Maji yanayochemka yasitumike, yanaweza kupasua plastiki. Yakianza kushuka, pitisha mrija laini wa plastiki kusukuma uchafu uliobaki.

Kabla ya kufunga, mimina mililita 250 za maji, kidogo kidogo. Yanatakiwa yashuke bila kusimama, na uyasikie yakiingia kwenye trei ya nyuma. Angalia pia ncha ya chini ya mrija. Mara nyingi ina kizuizi cha mpira chenye mdomo mwembamba, na humo ndimo utelezi hujikusanya. Ukisafisha juu na kuiacha ncha hii, tatizo litarudi.

Kama tundu ni safi na bado linaganda, joto la hita halilifikii. Chukua waya wa shaba usio na ganda, unene wa milimita 2 hivi, uuzungushe kwenye hita na ncha yake iingie tunduni sentimita 3 hadi 5. Hilo ni kwa hita ya bomba la chuma tu. Hita ya kioo isiguswe, hupasuka.

SWALI: Yangu haina barafu sakafuni, lakini sehemu ya chini haipoi na feni inakwaruza. Nikiizima siku nzima inapona, baada ya wiki moja au mbili inarudia yaleyale. Fundi ameniambia ninunue kompresa.

JIBU: Usinunue bado. Kompresa iliyokufa haiponi kwa kuzimwa siku nzima. Hapo mfumo wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi: koili inafunikwa, hewa baridi inakosa pa kupita, feni inagonga barafu.

Fungua ubao wa nyuma kabla ya kuyeyusha chochote, uisome barafu ilivyo. Ikiwa imefunika koili yote sawasawa, kosa ni la hita au vinavyoiamuru. Ikiwa imeganda kipande kimoja tu na mirija mingine ni mitupu, hapo ndipo unashuku gesi.

Kwa kosa la kwanza kuna vitu vinne vya kukagua, plagi ikiwa imechomolewa. Hita hupimwa kwa mita ya ohomu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Zidisha volti ya umeme wako kwa yenyewe, ugawanye kwa wati zilizoandikwa juu ya hita. Ya wati 150 kwenye volti 230 isome karibu ohomu 350. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, isome karibu sifuri. Ikishaungua hubadilishwa, na kuiruka kwa waya ni kukaribisha moto. Thamostati ya koili, yaani swichi inayofuata joto, ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ya aina ya kawaida hupitisha umeme ikiwa na baridi ya friza, huukata ikiwa na joto la chumba, kwa hiyo ukiipima mezani utaitupa ingali nzima. Ipime ikiwa bado imeganda. Kwenye friji zenye sensa badala yake, ohomu hupanda kadiri baridi inavyozidi. Vyote vitatu vikiwa salama, lawama ni ya taima au bodi ya umeme.

SWALI: Friza yangu ni ya sanduku, haijiyeyushi. Barafu ya ukutani imekuwa nene. Naweza kuibandua kwa kisu?

JIBU: Hapana, tafadhali. Mirija ya gesi imepita nyuma ya ukuta huo, na tundu dogo tu linaweza kuwa mwisho wa friza. Friza nyingi za sasa hutumia R600a, gesi inayowaka moto, kwa hiyo ikivuja, usiguse plagi wala kiberiti, na ufungue dirisha.

Chomoa, weka ndani sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, funika, badilisha maji yakipoa. Vipande vikilegea viondoe kwa mkono au mwiko wa mbao. Kizibo cha kutolea maji huwa sakafuni, kingine nje karibu na chini. Fungua vyote viwili na uweke beseni pana. Kausha kabisa kabla ya kuwasha, la sivyo maji yaliyobaki yatakuwa barafu ya kwanza. Safari nyingine usingoje ipite milimita 6.

SWALI: Barafu yangu ni ya ungaunga, iko karibu na mlango tu.

JIBU: Hewa ya nje inaingia. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango na uivute, sehemu kwa sehemu. Ikitoka bila kukazana, umepata pengo. Osha mpira kwa maji vuguvugu na sabuni. Ukiwa umejikunja, upashe kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, unyooshe, funga mlango uache upoe hapohapo. Uliopasuka hubadilishwa. Kagua pia kama kuna droo inayouzuia mlango, na inua miguu ya mbele kidogo ili ujifunge wenyewe. Kipimo cha joto ni nyuzi −18 za Selsiasi. Kushusha zaidi hakuzibi pengo.

SWALI: Trei ya nyuma ina maji kidogo. Ni kosa?

JIBU: La, ndiyo kazi yake. Ioshe ikinuka. Ikifurika, unyevunyevu mwingi unaingia, basi anza na mpira wa mlango.