Lost in Blue: kabla hujamlaumu Skye, soma hapa

Kuna ndugu yetu kauliza kuhusu game ya Lost in Blue, anaichezea kwenye simu, anasema kila akirudi pangoni anamkuta Skye, yule msichana wa mle ndani, hoi, na yeye mwenyewe njaa na kiu zinammaliza kabla hajafika popote pa maana, anataka kujua kuna ujanja gani au game yenyewe ndo mbovu. Nishaona majibu mawili matatu yanamwambia aachane nayo, eti yule msichana mzigo tu. Mie hapo sikubaliani kabisa. Game ile nimeicheza nikaimaliza, na nachosema ni kuwa Skye ndo game yenyewe, ukimtoa yeye inabaki kuokota makombe tu mchangani.

Kwa wasoijua, ni ya Nintendo DS, kile kidude cha mkononi cha kukunja chenye skrini mbili, Konami waliitoa 2005. Kijana Keith meli imepatwa na dhoruba, anazinduka ufukweni kisiwa hakina watu, hajakaa sana anamkuta msichana anaitwa Skye, hana miwani na bila miwani haoni vizuri, kwahiyo akitaka kwenda pahala shurti umshike mkono. Kabla yake ilikuwepo Survival Kids ya Game Boy Color, ya 1999, Ulaya waliiuza kwa jina la Stranded Kids, ile unachagua mvulana au msichana unahangaika zako peke yako. Ndo mama wa zote hizi. Na nzuri, ila leo tunazungumza ya DS.

Mie niliipata kwa ami yangu aliekuwa akifanya kazi Muscat, alirudi likizo na DS Lite ishatumika, na kaseti moja tu ndani yake, ndo hiyo. Na wakati wenyewe wenye umri wao hapa Unguja wataukumbuka, ni ule umeme ulipokatika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ule umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Miezi mitatu, na kaskazi yake joto halisemeki, pampu hazifanyi kazi kwahiyo mabombani maji hakuna, watu na madumu wanatafuta visima. DS nilikuwa naipeleka Darajani kwa mwenye jenereta, unaiacha pale baina ya simu za watu na kikaratasi chenye jina lako, unalipa, unarudi jioni kuifata. Chaji ilikuwa mali bwana. Huwezi kucheza ovyo ukafa ukaanza tena, na nadhani hiyo ndo ilonifanya niicheze kwa hesabu tokea mwanzo. Uzuri wa DS ukiikunja inalala, basi ukiitwa unaikunja unakwenda.

Haya tuje kwenye suala lenyewe. Una vipimo vya asilimia, njaa, kiu na nguvu za mwili, kimoja kikifika sifuri ndo uhai unaanza kushuka. Wengi wanatolea macho njaa. Njaa si tatizo, ufukwe wote ule una chakula. Kinachokuua ni mwendo. Mtu anatoka asubuhi, anaona njia mpya, anasema ntasogea kidogo tu pale mbele, halafu akaona na nyengine, jioni inamkuta mbali hajui arudi au aendelee, kiu iko chini kabisa na nyumbani kuna mtu hajala. Vifo vya mwanzo karibu vyote viko hapo. Kwahiyo siku za mwanzo wewe usivinjari, narudia, usivinjari, zunguka pango na ufukwe mpaka uwe na akiba ya chakula ndani, safari baadae.

Ufukweni unachimba kwa ile kalamu kwenye skrini ya chini, unasugua mchanga mpaka kombe litokeze, haina ujanja wowote, ni kuinama na kufanya kazi. Minazi unaitikisa nazi zinaanguka! Mkwezi yeyote akiiona ile atacheka mpaka akae chini, mnazi utikise kama mpera, lakini ndo hivyo, we tikisa tu. Nazi inakutoa njaa na kiu kwa pamoja kwahiyo mie nilikuwa nikiziweka za safari, kuila nyumbani na mto upo karibu ni hasara. Baadae ukipata mkuki wa samaki, usimguse samaki pale alipo, gusa pale anapoelekea, maana ukimfata nyuma utachoma maji kutwa.

Moto ndo kizingiti cha wengi. Unapekecha kwa kubonyeza vitufe vya L na R kwa zamu, kushoto kulia kushoto kulia, na ukishika unapuliza kwenye maiki. Unapuliza kweli kweli kwa pumzi zako. Mie nakumbuka nipo barazani kwetu Jang'ombe, magharibi inakaribia, nimekishika kile kidude mbele ya mdomo napuliza mpaka mashavu yananiuma, bibi yangu akatoka uani na kipepeo cha kupepea mkaa mkononi akasimama kunitazama.

"Wapuliza nini mjukuu wangu?"

"Moto, bibi."

Akainama akaangalia kile kiskrini, kweli pana kimoto kinafuka moshi. Akasema, "Basi njoo upulize na wa jikoni, mkaa umegoma, huo wako hauivishi wali." Nikaikunja nikaenda. Tokea siku hiyo kila akiniona nayo ananiuliza kama moto wangu umeshika.

Kwenye kupekecha pupa haisaidii, mikono ende sawa sawa, ukiparamia utachoka wewe na moto usiupate.

Sasa Skye. Alonifungua macho ni dada yangu mkubwa, maana usiku pale hakuna tv hakuna feni, alikuwa anakaa ubavuni kwangu ananiangalia nacheza. Siku moja nimerudi pangoni na Keith wangu, Skye yuko taabani, nikaanza kulalama kama mnavyolalama nyinyi hapa, huyu hafanyi kitu huyu, mto huo hapo si ende akanywe. Dada akanikata. "Umemuacha mtu haoni ndani ya pango, maji hujampa, umekwenda zako kutembea kutwa, unarudi unamlaumu yeye. Ungekuwa mume wangu we, mie nshakwenda kwetu zamani."

Na kweli ukiitazama vile inabadilika yote. Skye hafanyi kazi ndogo, yeye ndo anaepika, na chakula kilopikwa kinashibisha kuliko kitu hicho hicho ukikila kibichi, ukiweza kumtafutia na viungo ndo kabisa. Anasuka kamba na vikapu pia. Ukila chakula chake asubuhi na jioni unaokoa nguvu nyingi ambazo ungezimaliza kuzunguka kutafuta kitu cha kutafuna. Kwahiyo kabla hujatoka mshike mkono mpeleke mtoni akanywe ashibe maji, mrejeshe, muwekee chakula ndani, mle pamoja, halafu ndo utoke. Ukirudi usirudi mikono mitupu, hata kuni. Na safari yako ipime kwa yeye, si kwa wewe, maana wewe njiani utapata nazi utakunywa utaendelea, yeye hana wa kumpa. Mie siku ambazo nilikuwa na asubuhi ya kwenda kisimani na madumu kabla foleni haijawa ndefu, nikirudi nikifungua DS nafanya kile kile tena, na wala sikuwa naona tabu, sijui ni mazoea au nini.

Ukishatulia hapo ndo utengeneze samani, kitanda na vyenginevyo, mbao zinakula muda lakini mapumziko yanakuwa mazuri zaidi na unaamka na nguvu. Mtego, upinde na mishale ndo vitakuja, na nyama. Hapo sasa vinjari unavyotaka, safari ndefu usiku mmoja nje hazikutishi tena.

Sisemi haina kasoro. Katikati inachosha, yale yale kila siku, chimba pika kanywe lala, mtu anaetaka mapigano ataiona ya kizee. Na kule kwenye magofu kuna mafumbo ya kusukuma mawe ambayo mie yaliniudhi, na mara nyengine lazima uende na Skye huko umemshika mkono njia nzima, umpandishe, umvushe, ukimuacha nyuma umekwama. Sehemu hiyo hata dada alikuwa anaona uvivu kuangalia. Lakini ukimaliza na Keith inafunguka ya kucheza wewe ndo Skye, na hapo dada akaichukua DS na mie nikawa ndo wa kuipeleka Darajani kuchaji tu.

Anaetaka kucheza msichana tokea mwanzo bila kusubiri atafute Lost in Blue 2 ya 2007, pale unachagua Jack au Amy. Na wanaoniuliza ile Survival Kids mpya ya 2025 ya Nintendo Switch 2, ile wameifanya ya kucheza watu wengi pamoja, ina raha yake lakini si hii habari ya kuhesabu kiu.

Ndugu ulieuliza, umesema unachezea kwenye simu. Angalia kitu kimoja kabla ya yote, pengine moto unakushinda kwa sababu ya maiki, si kwa sababu yako. Simu nyengine pumzi inazikata zinaona kelele tu. Ingia kwenye seting za hiyo emuleta, ile programu inayoiigiza DS kwenye simu, utafute maiki, nyingi zinakubali upangie kitufe, ukikibonyeza game inaona kama umepuliza. melonDS inafanya hivyo. Ikiwa unatumia nyengine itaje hapa na simu yako aina gani, ntakwambia pa kubonyeza.