Goti likiuma, usiulaumu umri kwanza

Pole dada. Unasema tangu utimize miaka 58, goti likiuma unajiambia "ndiyo uzee huo", na matembezi ya asubuhi umeyaacha. Hilo neno ndilo linalonitia wasiwasi kuliko goti lenyewe. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha utafiti wa watu 660 wa Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na zaidi: walioutazama uzee wao vizuri waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya wenzao. Hamu ya kuishi ilichangia. Maumivu ni ya kweli, mwone daktari. Ila kesho funga viatu, hata ukiishia getini. Mimi nilianza hivyo, mkono ukutani.