Chapati Sita, Manesi Saba

Wodini kwetu chai ilikuwa saa nne. Mmoja anakusanya hela, anakwenda kantini, anarudi na chupa na mfuko wa chapati. Mwezi wangu wa pili tangu nihamishwe ndipo nilipohesabu: chapati sita, na zamu ile tulikuwa saba. Hakuna aliyenitukana. Nikiingia chumba cha manesi maongezi yanakatika, mtu anashika faili asilokuwa na shida nalo. Kwenye grupu la WhatsApp la zamu sikuwemo. Ratiba ikibadilishwa najua nikishafika getini.

Kosa langu sijaambiwa hadi leo. Nadhani ni ile siku ya kwanza nilipouliza kwa nini chati za dawa zinajazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Mdomo wangu huo!

Chai niliizoea, nikawa nabeba uji. Kilichonitisha ni usiku mmoja nilipokabidhiwa zamu kwa maneno matatu: "Wagonjwa wako salama." Saa saba usiku mama wa kitanda namba 9, aliyejifungua jana yake, akalalamika kichwa na macho kuona ukungu. Presha ilikuwa juu sana. Kumbe ilianza kupanda mchana, na daktari alishaandika ipimwe kila saa. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Tulimuwahi. Nami sikufungua faili mapema. Hilo ni langu.

Ndugu yangu unayetengwa, tangu usiku ule nilitenganisha mambo mawili. Urafiki ni hiari yao, usiugombanie. Ripoti ni haki ya mgonjwa, hiyo idai. Nilianza kupokea zamu kitanda kwa kitanda, kisha tunasaini wote kitabuni. Kwa inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi, sikwenda kusema nanuniwa, maana jibu nililijua: "Vumilieni, ni mambo ya kazini." Nilimwamkia, nikamwekea kitabu mezani: tarehe, kitanda, kisichokabidhiwa. Wiki ile ile akaagiza wodi nzima ikabidhiane kitandani. Wenzangu wakaninunia zaidi, sawa tu.

Kwa wakubwa nina neno. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen, watafiti wa Kanada, waliandika kwamba mtu hubaki kazini kwa sababu anaipenda, au akiondoka atapata hasara, au anaona ana wajibu wa kubaki. Mimi mapenzi yaliniisha kabla ya mwaka. Nilibaki kwa sababu ya mkopo wa benki. Kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa nasaini kila siku, mngeniita mtumishi mwaminifu. Lakini nesi anayeshikiliwa na makato ya mkopo hapigi raundi ya ziada saa kumi alfajiri. Anakaa, anasubiri kuche.

Siku hizi akiletwa mgeni wodini, swali langu la kwanza ni kama ameunganishwa kwenye grupu la zamu. Chapati atajinunulia.