Ile nyumba ya matofali si yangu, ni jela

Ami, pamoja na nyote mnaonipigia tangu Jumapili nilipotuma ile picha: sijanunua nyumba. Ile nyumba ya matofali mekundu niliyosimama mbele yake nikicheka ni jela ya zamani ya Kaunti ya Montgomery, mjini Crawfordsville, jimbo la Indiana, huku Marekani. Ilijengwa miaka ya 1880, ikafanya kazi mpaka 1973, na sasa ni makumbusho. Nililipa kiingilio kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hivyo pongezi rudini nazo, na ule mchango wa arusi mlionipandishia ushusheni pale ulipokuwa.

Siwalaumu. Sisi jela tunaijua kwa ukuta mrefu na seng'enge. Huku zamani kaunti nyingi zilijenga kwa namna nyingine: mbele nyumba ya heshima ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na familia yake, mgongoni ndiyo jela. Mara nyingi mke wa sherifu ndiye aliyewapikia wafungwa, jikoni mwake mwenyewe, na watoto wake wakalala ukuta mmoja na wezi wa farasi. Anayepita barabarani haoni kitu ila madirisha mazuri.

Ingia ndani sasa. Kuna pipa la chuma la ghorofa mbili, na kila ghorofa imegawanywa selo nane, kama chapati uliyoikata vipande vinane. Ncha ya kila kipande iko katikati, na huko katikati ndiko yanakopita mabomba ya choo. Mlango ni mmoja tu kwa kila ghorofa. Askari akimtaka mfungwa fulani, anazungusha mpini, pipa lote linageuka na watu wake ndani, mpaka selo ile ifike mlangoni. Waliobuni ni watu wawili wa Indianapolis, William Brown na Benjamin Haugh, hataza yao, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo, ni ya 1881, na shabaha yao ilikuwa askari asilazimike kugusana na mfungwa. Nilisimama ndani ya kipande kimoja. Kwenye nondo unajinyoosha vizuri, lakini ukirudi nyuma kuta zinakubana mabega.

Walisahau mkono. Mtu amelala, mkono umetoka nje ya nondo, pipa linaanza kuzunguka. Walivunjika watu. Tena moto ukiwaka, watu wote wale watolewe mmoja mmoja kwa mlango mmoja? Ndiyo maana jela nyingi za aina hii baadaye zilizuiwa zisizunguke tena.

(Na msinicheke kupiga picha jela. Fort Jesus ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na leo maarusi wanapigwa picha pale pale.)

Jela za kaunti za siku hizi hazina urembo wowote. Ile ninayoipita nikienda kazini ni kama bohari, madirisha yake nyufa tu. Wengi waliomo kwenye jela kama hizo ni mahabusu wanaongoja kesi, na kuna wanaolala humo kwa sababu tu dhamana imewashinda. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikamatwa akiendesha gari bila leseni. Alikaa siku mbili, na alipotoka akakuta nafasi yake kazini imejazwa. Mimi leseni ninayo, lakini taa za polisi zikiwaka nyuma yangu bado mikono hunitetemeka kwenye usukani.

Mmeniuliza naishi wapi basi. Ni chumba kimoja katika nyumba tunayopanga watatu. Narudi saa moja asubuhi wenzangu wakitoka, kwa hivyo jikoni huwa na nafasi. Dirisha langu linatazama maegesho ya magari, na baridi ikizidi nalibandika plastiki. Kesho nitawapigia picha yake, ila mama msimwonyeshe ile plastiki.