Riviera ya 1971? Mkuu, anza ngamani

Mkuu, usitume hiyo amana. Gari la Kimarekani, Buick Riviera ya 1971, iko Ohio, rangi mpya inang'aa, paa limevikwa vinili (ngozi ya plastiki), muuzaji anataka dola 500 leo usiku "akushikie", na wewe uko Houston hujagusa hata kitasa. Halafu unauliza inakula mafuta kiasi gani! Injini ya V8, silinda nane, lita 7.5, inakunywa, kubali yaishe.

Najua kilichokupata. Ni ule mgongo. Mimi mtoto wa Tanga, nimekua nikiangalia majahazi, na nilipoona picha ya ile yangu ya 1972 kwa nyuma, kioo kinateremka na kuchongoka kama omo ya jahazi, akili ikahama. Mita tano na nusu za bati kwa milango miwili tu. Ukishusha vioo vyote hakuna nguzo katikati, upepo unapita kama uko barazani. Haikimbii, inaelea. Hayo yote ni kweli, sikunyimi.

Lakini wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: zunguka nyuma na mbele ya chombo, utarudi tu chini tumboni, maji yanakotuama. Wao walisema habari ya maisha, mimi nasema habari ya buti. Mvua inapenya chini ya vinili, maji yanatuama kwenye ukingo wa kioo cha nyuma, yanatafuna bati kimyakimya, kisha yanashuka butini. Ohio nako kila majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, hiyo inashambulia kutoka chini. Na hiyo yako ya 1971 ina matundu ya hewa juu ya mfuniko wa buti, njia nyingine ya maji. GM, kampuni mama ya Buick, wenyewe waliyaondoa 1972.

Mimi yangu nilitoa dola 11,500. Muuzaji akaapa gari lilikuwa la bibi mmoja, analitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Nimekuja kuamini kanisa lenyewe lilikuwa chini ya bahari. Nikajifanya mjanja, nikamlipa fundi mmoja, Mbongo mwenzetu kabisa, dola 200 akalikague. Jamaa kawasha, kakanyaga mafuta, kanitumia video ya dakika mbili ya muungurumo. "Kaka, injini kama saa. Chukua." Nani alimuuliza habari ya injini? Injini ile ikifa unapata nyingine, Buick waliifunga kwenye magari kibao. Hakulala chini hata mara moja. Alikuwa kavaa suruali nyeupe, niliiona kwenye video, na bado nikatuma hela. Fundi, kama unanisoma humu ndani, 200 yangu naidai mpaka kesho.

Wiki ya pili nikalipeleka gereji kubadilisha shokapu. Fundi, mzee wa Kimarekani mwenye maneno machache, akaweka jeki kwenye chesisi karibu na gurudumu la nyuma, akaanza kupampu. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Tukasikia kruuu, kama mtu anakanyaga biskuti kavu, kichwa cha jeki kikazama ndani ya chuma. Mzee akachokonoa kwa bisibisi, ikaingia mpaka mpini. Ule weusi mzito waliopaka uvunguni ulikuwa bado unanukia upya, na ndani yake kutu inamwagika kama majani ya chai. Tukabandua vinili pembeni ya kioo: puti, ule uji mgumu wa kuzibia matundu ya bati. Chini ya puti, wavu wa dirisha. Chini ya wavu, wakuu, nikaona tairi la akiba.

Dola 9,400 za kuchomelea, miezi 14, na kile kioo cha nyuma kikapasuka wakati wa kukitoa. Kilitengenezwa kwa Riviera za 1971 mpaka 1973 tu, kwa hiyo kukitafuta ni kazi nyingine ya kuajiriwa. Mke wangu kila asubuhi ananiuliza, "Mgonjwa wako kaamkaje?"

Kwa hiyo anza ngamani. Fungua buti, toa tairi la akiba, inua zulia, mulika. Chukua sumaku ya friji, izungushie kitambaa, ipitishe kwenye bati chini ya kioo. Pasiponasa, hapo ni puti. Kisha lala chini na bisibisi, gonga chesisi yote nyuma ya magurudumu. Ukikuta uvungu umepakwa weusi mpya, hesabu umeoza mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Injini hata usiiwashe, itakulaghai kwa sauti. Bora gari la Arizona, kwenye ukame, lenye dashibodi iliyopasuka kwa jua na viti vinavyotoa sponji. Viti vinashonwa.

Maswali yako ya bima na ya kulipeleka gari Dar nitarudi kuyajibu. Kwanza mwambie muuzaji apige picha ya uvungu, nyuma ya magurudumu, taa ikiwaka. Akikutumia tena picha ya boneti, hiyo 500 nenda kale nayo nyama choma.