Kwa nini chuma hutoa cheche kwenye maikrowevu wakati yenyewe ni bati tupu: jibu la fundi

Dada uliyeanzisha uzi, pole kwa mshtuko. Umesema ulipasha pilau ikiwa ndani ya kontena lake la foili, zikaruka cheche za buluu, ukakimbilia kuzima. Sasa unauliza mambo mawili: mashine imekufa au bado, na kama chuma ni hatari, mbona ndani ya maikrowevu ni bati juu, chini na pembeni? Hilo la pili ndilo limenifanya nikae niandike, maana waliotangulia wamekujibu "chuma kinalipuka" wakaishia hapo. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani hapa Dar, mwaka wa 16 sasa, na maikrowevu ni kazi ninayoifanya karibu kila wiki.

Nianze na hilo bati. Kuna kifaa kinaitwa magnetroni, ndicho kinachotoa mawimbi. Ni ndugu wa mawimbi ya redio, yanatetemeka mara bilioni 2.45 kwa sekunde moja, na urefu wa wimbi ni kama sentimita 12. Yakikuta chakula chenye maji yanamezwa, yanakuwa joto. Yakikuta chuma hayapiti, yanarudi yalikotoka kama mwanga unavyorudi kwenye kioo. Kwa hiyo bati limewekwa kwa makusudi, liyazuie mawimbi yasitoke nje na liyarudishe kwenye chakula. Hata ule wavu mweusi kwenye kioo cha mlango ni chuma. Vitundu vyake ni vidogo mno kwa wimbi la sentimita 12, lakini mwanga unapenya, ndiyo maana unaiona sahani yako ikizunguka.

Basi tatizo si chuma kwa kuwa ni chuma. Angalia umbo lake, wembamba wake, na kilicho jirani yake.

Bati la ukutani ni pana na laini. Wimbi likilipiga, umeme unatembea juujuu kwenye uso wake na kutawanyika. Sasa chukua uma. Umeme uleule unasukumwa mpaka kwenye ncha za meno, pale hauna pa kwenda, unarundikana. Hewa ya kawaida huvumilia takriban volti 30,000 kwa sentimita. Ikizidiwa, hewa yenyewe inakuwa njia ya umeme, na hapo ndipo unapoona cheche na kusikia ule mlio wa kukwaruza. Foili iliyofinyangwa ina ncha na mikunjo isiyohesabika. Kontena lako lina ule ukingo uliokunjwa kuzunguka mdomo wake, na kama lilikaribia ukuta, cheche iliruka kutoka kwenye ukingo kwenda kwenye bati.

Mkuu aliyesema amesahau kijiko kwenye chai mara nyingi na hakuna lililotokea, namwamini kabisa. Kijiko kinene, cha mviringo, kikiwa kimezama kwenye maji yanayomeza mawimbi, mara nyingi hakitoi cheche. Ila nisingependa mtu achukue hiyo kama ruhusa, kwa sababu kijiko hichohicho kikiegemea ukuta habari inabadilika.

Mfano nisiousahau ni wa mama mmoja aliyeniletea mashine akisema "inapiga shoti kila nikipasha chakula." Nikaiwasha na glasi ya maji, kimya. Nikaiacha dakika tatu, kimya. Nikamwomba aniletee sahani anayotumia. Kesho yake akaja nayo ameifunga kwenye kanga, sahani nyeupe nzuri yenye mstari wa dhahabu ukingoni. Nikaisogeza dirishani. Ule mstari ulikuwa umekatika vipandevipande, na kwenye kila pengo kulikuwa na kidoa cheusi kama alama ya ncha ya kalamu. Dhahabu ile ni utando mwembamba sana. Umeme ukipita unauchoma, ukikatika cheche inaruka pengo na kula kipande kinachofuata. Mashine yake ilikuwa nzima. Akaniambia seti ile alipewa siku ya harusi yake, na sahani nne zilikuwa hivyohivyo. Iliniuma, kwa sababu hakuna fundi wa kuirudisha ile dhahabu. Kwa hiyo sahani na vikombe vyenye urembo wa rangi ya dhahabu au fedha visiingie, hata kama vinaonekana ni udongo mtupu.

Vile viwaya vya kufungia mfuko wa mkate navyo watu huvisahau. Waya unapata moto, karatasi au plastiki iliyouzunguka inashika moto. Sufuria nayo, hata isipotoa cheche, itakuchelewesha tu: mawimbi hayapenyi pembeni wala chini, wali unapata joto juu na katikati unabaki baridi.

Sasa nije kwenye uharibifu wenyewe. Mashine nyingi ninazoletewa hazikulipuka. Zimekufa taratibu. Ukiangalia ukuta wa ndani, kwa kawaida upande wa kulia, utaona kipande cha kama karatasi ngumu ya kijivu au kahawia. Hiyo ni mika, inaziba mlango wa kutokea mawimbi. Mafuta ya chakula yakiirukia na kuungua yanageuka kaa, na kaa linapitisha umeme. Cheche za foili zikiipata zinaichoma vilevile. Hapo mashine itaanza kutoa cheche hata ukipasha uji kwenye bakuli la plastiki, na mtu anadhani imelogwa. Kubadilisha mika ni kazi ndogo: karatasi yake inauzwa, unaikata kwa mkasi kwa kipimo cha ile ya zamani. Lakini iwe mika. Nimeletewa mashine ambayo mwenyewe alitoa mika iliyoungua akaziba tundu kwa foili. Mawimbi yakakosa pa kutokea, yakairudia magnetroni, na ile kofia ya ncha yake niliikuta imeyeyuka. Angalia pia rangi ya ndani. Cheche zikiibandua, bati linashika kutu, na kingo za kutu nazo zinakuwa ncha za cheche mpya.

Kuna wanaouliza kuhusu wavu wa kuchomea unaokuja na mashine. Ule umetengenezwa kwa ajili yake, vyuma vyake ni vya mviringo na unakaa mbali na kuta. Tumia ule tu, kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Jambo moja naomba mlisome taratibu. Aliyeshauri "fungua kava uangalie fyuzi", tafadhali msimfuate. Kwenye mashine za transfoma, umeme wa volti 230 unapandishwa kufika karibu volti 2,000, kisha kapasita (kifaa cha kutunza chaji ya umeme) na dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) vinaufikisha karibu 4,000. Kapasita ile inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa kawaida ndani yake kuna rizista ya kuimaliza chaji polepole, ila rizista ikikatika hakuna kitakachokuonya. Mwaka wangu wa pili kazini iliwahi kunirusha kutoka kwenye stuli mpaka ukutani, mashine ikiwa imechomolewa, na mkono wa kushoto ulikufa ganzi mpaka jioni. Mwalimu wangu aliniambia nina bahati haikupita kifuani. Tangu siku hiyo sigusi chochote ndani kabla sijaimaliza chaji.

Dada, kwa mashine yako: sekunde chache za cheche mara nyingi haziiui. Ichomoe kwanza, ifute ndani, mulika mika na kuta kwa tochi ya simu. Ukiona doa jeusi lililotoboka au rangi iliyobanduka, usiiwashe, mpelekee fundi. Ukikuta pasafi, weka kikombe cha maji, washa dakika mbili ukiwa umesimama hapo. Maji yakipata moto vizuri, bila cheche, harufu ya kuungua wala muungurumo mzito usiouzoea, endelea kuitumia. Na ikitokea moto ndani siku yoyote, usifungue mlango. Zima ukutani, chomoa, uuache ukose hewa.

Ukimaliza kuikagua tuambie umeona nini, na kama unaweza weka picha ya hiyo mika.