Naipenda Twilight, na bado inanikera

Nikiulizwa kama Twilight ya Stephenie Meyer ni riwaya nzuri, jibu langu huwa refu. Ilitoka mwaka 2005, na mabinti bado wanaazimana. Naipenda, ila zipo kurasa zinazonipandisha hasira kila nikizirudia. Kwa wazazi na mashangazi wenzangu nasema hivi: msiwanyang'anye. Isomeni pamoja nao, na msiwafiche kwamba nanyi imewanogea.

Maana inanoga kweli. Bella, msichana wa miaka 17, anahama Phoenix kwenye jua kali na kwenda kuishi na baba yake Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington ambako mvua haikatiki. Baba na binti wanapendana lakini hawajui waongee nini mezani, na hilo Meyer amelipatia hasa. Kisha anakuja Edward, vampaya aliyegeuzwa akiwa mahututi kwa mafua ya mwaka 1918 huko Chicago. Anampenda Bella na anaitamani damu yake, kwa hiyo hata kushikana mikono kuna hatari. Katika New Moon, kitabu cha pili cha mfululizo huu, Edward anapomwacha Bella, unafunua kurasa na kukuta jina la mwezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Hakuna neno lingine. Aliyewahi kuachwa ataelewa.

Lakini Edward huyohuyo huingia chumbani kwa Bella usiku, bila ruhusa, akamtazama akilala. Bella anapojua, anaona aibu kidogo, halafu anafurahi. Katika Eclipse, kitabu cha tatu, Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona Jacob, rafiki yake anayegeuka mbwa mwitu. Baadaye analegeza, sawa, ila kitendo kimeshapita kama dalili ya mapenzi.

Niliposoma na binti wa kaka yangu, tulisimama pale pa chumbani. Akasema, "Lakini shangazi, si anampenda?" Sikubishana naye. Nilimuuliza tu ingekuwaje kama ni mvulana wa darasani kwao. Alinyamaza, kisha akasema angepiga kelele hadi majirani waamke. Tukaendelea kusoma. Tulipofika kwenye injini, alikasirika yeye kabla yangu.

Mwambieni binti pia kwamba Waquileute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani analotoka Jacob, wapo kweli, huko La Push, jimbo hilohilo la Washington. Wana simulizi yao ya asili kuhusu mbwa mwitu. Hayo ya kupigana na vampaya ni ya Meyer.

Breaking Dawn, kitabu cha nne, msimpe mtoto kabla hamjaisoma wenyewe. Ina ujauzito unaomla mama, kujifungua kwa kutisha, na Jacob anayefungamana na kichanga kama mwenzi wake wa baadaye. Hapo utamu wote uliniishia, na binti nilimwambia hivyo waziwazi kabla hajaifungua.